Kukokotoa mtetemo na uthabiti wa bamba la kompositi linalokimbia kati ya rola, chini ya mizigo ya nasibu

Bamba jembamba la nyuzi za kaboni na resini linalovutwa kutoka rola moja hadi nyingine halitetemi kama bamba lililofungwa mezani. Kila linapoongeza kasi hupoteza sehemu ya ukakamavu wake, ingawa mvutano na unene havijabadilika. Kwa hiyo mzigo wa nasibu uliokuwa mdogo bamba likiwa limesimama unaweza kulitikisa vibaya likiwa mwendoni. Katika mwongozo huu wote, swali la kuuliza kabla ya jingine lolote ni hili: kwa kasi hii, ukakamavu umebaki kiasi gani?

Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho ili uweze kurudia hesabu na kulinganisha majibu.

Hatua ya 1: Weka namba za bamba mezani

Urefu kati ya rola L = 1 m, upana b = 0.3 m, unene h = 1 mm. Kuna matabaka 8 ya milimita 0.125 kila moja, yamepangwa 0/90/0/90 kisha yakarudiwa kwa kioo: 90/0/90/0. Nyuzi za digrii 0 zinafuata mwelekeo wa mwendo. Ukakamavu wa tabaka moja ni E1 = GPa 140 kufuata nyuzi, E2 = GPa 10 kukata nyuzi na G12 = GPa 5 kwa mkato (shear), na uwiano wa Poisson ni 0.3. Densiti ni kg/m³ 1600, hivyo uzito wa eneo ni m = kg/m² 1.6. Mvutano T = N/m 2000, yaani newtoni 600 zikigawanywa kwa upana wa 0.3 m.

Hakikisha T ni kwa kila mita ya upana. Mtu akiingiza newtoni 600 moja kwa moja mahali pa 2000, kasi zote zitakazofuata zitatoka ndogo kwa karibu nusu, na hakuna kitu kwenye majedwali kitakachomwonya.

Hatua ya 2: Kokotoa ukakamavu wa kupinda

Mchango wa kila tabaka unategemea tofauti ya vipeo vya tatu vya umbali wake kutoka katikati. Kwa nusu ya juu ya bamba, ukihesabu kutoka katikati kwenda nje, mizani ni 1, 7, 19 na 37, jumla 64. Tabaka la nje peke yake linabeba zaidi ya nusu ya mzigo wa kupinda. Matabaka ya digrii 0 yana 7 + 37 = 44, ya digrii 90 yana 1 + 19 = 20.

Ukigawa mizani hiyo kwa 64, kisha ukazidisha kwa ukakamavu wa tabaka na kwa h³/12, unapata ukakamavu wa kupinda kwa urefu (D11), kwa upana (D22), uunganisho wa hizo mbili (D12) na kujisokota (D66):

D11 = 8.34 N·m, D22 = 4.25 N·m, D12 = 0.25 N·m, D66 = 0.42 N·m.

Kwa mpangilio huu D16 na D26 ni sifuri. Ukiweka matabaka ya +45 na −45, hizo mbili hazitoweki hata mpangilio ukiwa wa kioo, kwa sababu tabaka la +45 na la −45 haviko umbali sawa kutoka katikati. Usizifute ili hesabu iwe nyepesi: zinaunganisha kupinda na kujisokota, na katika bamba lenye matabaka machache uunganisho huo ni mkubwa. Na mpangilio usio wa kioo uuepuke kabisa kwa bamba la kukimbia. Bamba la namna hiyo hujikunja lenyewe linapopoa baada ya kuivishwa, na bamba lililokunjwa haligusi rola sawasawa.

Hatua ya 3: Andika mlinganyo, na usisahau neno la katikati

Kwa mchepuko w wa bamba linalokwenda kwa kasi v (herufi baada ya alama _ zinaonyesha w imetofautishwa kwa x, urefu, y, upana, au t, muda; p ni mzigo wa nje, na ufifishaji ni kinachomeza nishati ya mtetemo):

m(w_tt + 2v·w_xt + v²·w_xx) − T·w_xx + D11·w_xxxx + 2(D12 + 2D66)·w_xxyy + D22·w_yyyy + ufifishaji = p(x, y, t)

Neno la v² hufanya kazi kama mgandamizo, na ndilo linalopunguza ukakamavu. Neno la 2v·w_xt ni kani ya Coriolis. Halipotezi nishati wala haliongezi, ila linaunganisha maumbo ya mtetemo: umbo la kwanza na la pili, la pili na la tatu, na kwa jumla kila umbo la namba witiri na kila la namba shufwa. Maumbo ya witiri kwa witiri hayaunganishwi.

Hapo ndipo kosa la kawaida kuliko yote linapozaliwa. Mtu huchukua umbo moja tu la saini (wimbi la sine), anaona neno la Coriolis limekuwa sifuri, anaendelea. Sifuri hiyo imetokana na uchaguzi wake. Bamba lenyewe halina habari nayo. Anza na maumbo mawili, kisha manne, kisha sita, hadi jibu litulie.

Ukitumia maumbo ya saini kwa urefu na kugawa kwa uzito, q ikiwa orodha ya ukubwa wa kila umbo, mfumo unakuwa:

q″ + (C + G)q′ + Kq = f(t)

ambapo C ni ufifishaji, f ni mzigo, G (Coriolis) ina viingilio 8v·jn/(L(j² − n²)) kwa j + n witiri, na K ina k_n = (nπ/L)²·[(T + D11(nπ/L)²)/m − v²]. Kati ya umbo la 1 na la 2, ukubwa wa G ni 16v/(3L). Alama za pande mbili lazima zipingane. Zikilingana, programu yako inazalisha nishati kutoka hewani.

Hatua ya 4: Tafuta kasi kikomo na frikwensi

Kasi kikomo ya kwanza ni pale k_1 inapofika sifuri:

v = √[(2000 + 82.3)/1.6] = m/s 36.1

Hapo bamba huanza kuchepuka upande mmoja bila kurudi. Kwa umbo la pili k_2 hufika sifuri kwenye m/s 38.2. Ukikokotoa juu ya hapo kwa maumbo mawili bila ufifishaji, majawabu yanaonyesha uthabiti umerudi, kwa kuwa Coriolis inalishikilia bamba. Usiuamini uthabiti huo. Ufifishaji wowote wa kawaida, hata mdogo, unauvunja, na hakuna bamba lisilo na ufifishaji. Kasi kikomo yako ni ile ya kwanza, nukta.

Sasa frikwensi ya kwanza:

- Bamba limesimama: Hz 18.0.
- Kwa m/s 20, umbo moja: Hz 15.0.
- Kwa m/s 20, maumbo mawili na Coriolis: Hz 13.0.
- Kwa m/s 30, umbo moja: Hz 10.0. Maumbo mawili: Hz 6.7, na bado inashuka ukiongeza maumbo.

Jibu la Hz 13.0 linatoka kwenye ω⁴ − (k1 + k2 + g²)ω² + k1k2 = 0 ambapo k1 = 8897, k2 = 41676 na g = 16v/(3L) = 106.7; ω ni frikwensi kwa radiani kwa sekunde. Ukipata namba nyingine, rudi kwenye G kabla ya kwenda mbele.

Usisahau upana. Bamba lina kingo mbili zilizo huru, na umbo la kujisokota liko karibu mno na la kupinda kwa sababu mvutano ndio unaobeba karibu ukakamavu wote wa yote mawili. Kwa mfano wetu kujisokota kunaongeza 48·D66/(m·b²) = 138.9 ndani ya mabano ya k, na frikwensi yake bamba likiwa limesimama ni Hz 19.0. Kilele kimoja kwenye kipimo chako kinaweza kuwa viwili vilivyoshikana. Weka vipimaji viwili, kimoja kila ukingo: vikisogea pamoja ni kupinda, vikipingana ni kujisokota.

Hatua ya 5: Pima mzigo wa nasibu ipasavyo

Kuna aina mbili, na kuzichanganya ni kupotea. Ya kwanza ni mzigo wa nje: shinikizo la hewa yenye msukosuko, matone, mtikisiko wa fremu. Huu huongeza ukubwa wa mtetemo lakini haulifanyi bamba la mlinganyo mnyoofu lipoteze uthabiti. Ya pili ni mabadiliko ya nasibu ndani ya mfumo wenyewe: mvutano unaopanda na kushuka, au kasi isiyotulia. Hii inaweza kukuza mtetemo bila kikomo hata pasipo mzigo wowote wa nje.

Kwa kurekodi mvutano:

1. Chuja mawimbi ya juu kabla ya kuyageuza kuwa namba. Chukua sampuli angalau mara 5 ya frikwensi ya juu unayoitaka.
2. Kwa ufifishaji wa asilimia 1 na Hz 18, upana wa kilele ni kama Hz 0.36. Vipande vya kurekodi viwe na hatua ya frikwensi isiyozidi robo yake, yaani Hz 0.09, hivyo kila kipande kiwe cha sekunde 11 au zaidi.
3. Wastani wa vipande 100 unabakiza kosa la nasibu la asilimia 10. Hizo ni dakika 19 hivi za mwendo wa kasi isiyobadilika.
4. Ondoa vilele vya rola. Rola yenye kipenyo d inatoa frikwensi v/(πd), na hiyo si nasibu. Rola ya sentimita 20 kwenye m/s 18 hivi inaangukia takriban mara mbili ya frikwensi ya kwanza ya bamba letu, mahali pabaya kabisa. Ishughulikie peke yake.

Kisha andika kwa herufi kubwa ni spektra gani (mgawanyo wa nguvu ya kelele kwa kila frikwensi) unatumia. Spektra ya upande mmoja kwa Hz ni kubwa mara 4π kuliko ya pande mbili kwa radiani kwa sekunde. Mara 12.6 inatosha kugeuza bamba salama kuwa hatari, au kinyume chake.

Hatua ya 6: Jibu la bamba kwa mzigo wa nje

Ikiwa spektra ni bapa karibu na frikwensi za bamba, ichukulie kuwa kelele nyeupe (yenye nguvu sawa kwa frikwensi zote) na utatue mlinganyo wa Lyapunov AP + PAᵀ + Q = 0, ambapo A ni matriki ya mfumo kwa mchepuko na kasi pamoja, na P ni matriki ya variansi. Q ina namba kwenye sehemu ya kasi pekee, kiasi cha 2πS kwa kila umbo, S ikiwa spektra ya pande mbili.

Kuna kipimo kizuri cha kuhakiki programu. Weka ufifishaji sawa c kwa maumbo yote na nguvu sawa ya kelele kwa yote, bila uhusiano kati yao. Variansi ya kila umbo lazima itoke πS/(c·k_n), na isibadilike hata kidogo ukiwasha au kuzima G. Coriolis hubadilisha frikwensi, lakini katika hali hii haigusi variansi ya mchepuko. Programu nyingi zenye kosa la alama huanguka hapa.

Kutokana na hilo, ukilinganisha na bamba lililosimama, mchepuko wa kawaida (mzizi wa variansi) wa umbo la kwanza unakuwa:

- m/s 20: mara 1.2
- m/s 30: mara 1.8
- m/s 34: mara 3.0

Ona jinsi m/s 4 za mwisho zinavyogharimu kuliko 20 za mwanzo. Ikiwa kuna nafasi finyu juu na chini ya bamba, usiishie kwenye mara tatu ya mchepuko wa kawaida. Kwa Hz 13, saa moja ina mizunguko 46,800, na kilele kinachotarajiwa ni √(2·ln 46800), yaani mara 4.6.

Hatua ya 7: Mvutano wa nasibu na uthabiti

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Andika T + s(t). Mabadiliko ya s yanaingia kwenye k_1 kwa uwiano

ξ = s / [T + D11(π/L)² − m·v²]

Kasi inapunguza kigawanyo, si kingine. Mvutano unaocheza kwa N/m 50 unabadilisha ukakamavu kwa asilimia 2.4 bamba likiwa limesimama, asilimia 7.8 kwa m/s 30, na asilimia 21 kwa m/s 34. Mashine ni ileile, breki ya mvutano ni ileile.

Kwa umbo moja lenye frikwensi ω na uwiano wa ufifishaji ζ, ikiwa kelele ni ndogo, kuna masharti mawili juu ya spektra ya ξ (pande mbili) iliyopimwa kwenye 2ω:

- Karibu kila mwendo unafifia: S(2ω) < 4ζ/(πω)
- Wastani wa mraba wa mchepuko unafifia: S(2ω) < 2ζ/(πω)

La pili ni kali mara mbili kamili. Kati ya mipaka hiyo bamba huonekana limetulia muda mrefu, kisha ghafla linatoa mlipuko wa mtetemo na kutulia tena. Milipuko hiyo adimu ndiyo inayobeba wastani wa mraba. Kwa kitu kinachoweza kuchanika, tumia sharti la pili.

Kwa mfano wetu, ζ = 0.01, bamba limesimama: mpaka wa wastani wa mraba ni (N/m)² 3060 kwa Hz, upande mmoja, karibu na Hz 36. Ukibakiza c ileile (c = 2ζω), mpaka huu unashuka sambamba na k_1, hivyo kwa m/s 30 umebaki 940 hivi. Tena umehama: umbo moja litakuambia uangalie Hz 20, kumbe kwa Coriolis ni Hz 13 au chini zaidi. Spektra ya mvutano kwa kawaida huwa nene kwenye frikwensi za chini, kwa hiyo bamba linaposhuka frikwensi linaifuata kelele mahali inakoishi.

Masharti ya umbo moja ni chujio la kwanza tu. Angalia pia jumla ya frikwensi mbili, ω1 + ω2, na jumla ya kupinda na kujisokota ikiwa mvutano haulingani kati ya ukingo mmoja na mwingine.

Hatua ya 8: Hakiki kwa uigaji

Tengeneza s(t) kwa kujumlisha mawimbi ya kosaini yenye ukubwa √(2·spektra·Δf), spektra ya upande mmoja, na awamu za bahati nasibu. Mfululizo huo unajirudia kila sekunde 1/Δf; ukiendesha muda mrefu zaidi ya hapo hupimi unasibu tena, unapima marudio. Hatua ya muda isizidi 1/30 ya kipindi kifupi kuliko vyote katika mfumo.

Kwa kipeo cha Lyapunov (kasi ya mtetemo kukua au kufifia; kikiwa hasi unafifia), endesha mfumo usio na mzigo wa nje, na kila mizunguko michache chukua logi ya ukubwa wa vekta, rudisha vekta kwenye 1, endelea. Jumla ya logi ukigawa kwa muda ndiyo kipeo. Inahitaji maelfu ya mizunguko. Chora thamani dhidi ya muda na usisome chochote kabla mstari haujalala.

Kama unatumia kelele nyeupe, nukta moja ya kuzingatia. Kelele ya mvutano inazidisha mchepuko pekee, kwa hiyo tafsiri ya Itô na ya Stratonovich (njia mbili za kusoma mlinganyo wenye kelele nyeupe) zinatoa jibu moja. Kelele ya kasi ya rola inazidisha pia q′ kupitia G, na hapo tafsiri mbili zinatofautiana. Tumia njia ya Heun, inayofuata Stratonovich, au ongeza neno la marekebisho. Kasi isiyotulia huleta pia neno m·v′·w_x, ambalo mlinganyo wa hatua ya 3 hauna.

Vipimo visipolingana na hesabu

Shuku hewa kwanza. Namba zote hapo juu ni za ombwe. Bamba la upana b hubeba hewa ya takriban π·ρ·b/4 kwa kila mita ya mraba likipinda: hapa kg/m² 0.28, yaani asilimia 18 ya uzito wa bamba. Likiwa limesimama, Hz 18.0 inashuka hadi 16.6. Kujisokota kunaburuta hewa kidogo kuliko kupinda na kunatoka 19.0 hadi 18.4 tu, hivyo vilele viwili vinaachana. Hewa hiyo, ikichukuliwa kuwa haisafiri na bamba, haiingii kwenye neno la v², kwa hiyo kasi kikomo haibadiliki.

Frikwensi ikiwa sawa lakini mtetemo ni mkubwa ukingo mmoja, pima mvutano kwa upana. Ukingo uliolegea una kasi kikomo yake, ya chini kuliko ya wastani.

Likishindwa, badilisha nini

Kugeuza matabaka yote yawe ya digrii 0 kunapandisha D11 hadi 11.7, lakini kasi kikomo inatoka m/s 36.1 hadi 36.4 tu, kwa sababu kupinda ni asilimia 4 ya ukakamavu wa umbo la kwanza. Kufupisha L kunapandisha frikwensi na kuzitoa kwenye kelele nene, ingawa kasi kikomo inasogea kidogo. Kupandisha mvutano hadi N/m 2500 kunaipeleka kasi kikomo m/s 40.2, na mkazo wa urefu unakuwa MPa 2.5 pekee, mdogo sana kwa nyuzi za kaboni. Rudia hatua ya 5 baada ya hapo, kwa kuwa breki iliyokazwa zaidi ina spektra yake mpya. Matabaka ya ±45 yaongezwe tu pale kujisokota ndiko kunakosumbua.